Michungwa Niliyoisifu Kavu

Kwa miaka saba, kuanzia Muheza mpaka kivukoni Pangani, nilikuwa na jina moja tu: mwenye jicho. Si jicho la kuonea, ni lile la husuda, linalomtazama mtoto mnene akakonda. Jina hilo sikulirithi wala sikulipata kwa mganga. Nililipata gazetini, kwa makala niliyoiandika mwenyewe, na jina langu la kuzaliwa limechapwa juu yake kwa herufi nene.

Nayasema haya mapema kwa sababu vijana wanaotaka kuishi kwa kalamu huniuliza nilisomea chuo gani. Sikusoma chuo. Nilifundishwa kuandika na machungwa yaliyoanguka mabichi, na bibi mmoja asiyejua kusoma, na mhariri aliyejua kusoma kupita kiasi. Asiyelipenda jibu hilo akatafute jingine.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, unga foleni, na mara nyingine unajipanga kwanza ndipo unauliza huko mbele kunauzwa nini. Tulikaa Ngamiani, Tanga mjini, mimi na mama, katika vyumba viwili vya kupanga. Marehemu baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, na urithi alioniachia ulikuwa sanduku la fomu za mahudhurio ya wakata mkonge, mpya, hazijatumika. Upande mmoja una mistari na siku za wiki, upande wa pili mweupe. Karatasi wakati ule ilikuwa haipatikani hata kwa dawa, na mimi ninalo sanduku zima. Nikaanza kuandika makala na kuzituma kwa posta kwa gazeti moja la Dar es Salaam. Nyingi zilipotelea huko huko. Moja moja ilichapwa.

Kukosa kazi yenye ofisi lilikuwa kosa siku zile. Watu walisimamishwa barabarani wakaulizwa wanaishi kwa kazi gani, na asiye na kitambulisho alikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Mimi nilisimamishwa sokoni na mgambo wawili. Kazi yako? Mwandishi. Wa ofisi gani? Wa kujitegemea. Mmoja akamwita mwenzake asogee asikie vizuri. Nikawaonyesha kipande cha gazeti chenye jina langu, wakakisoma mpaka mwisho, wakaniambia hii ni makala, si kazi. Waliniachia kwa kuwa mmoja wao alimfahamu baba. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, si hofu.

Mama aliposikia akaingiwa na woga. Meneja wa shamba la mkonge alikuwa amekwisha kumwambia kwamba nafasi ya karani ipo, na kiti cha baba kinanisubiri. Akanipa muda: msimu wa machungwa ukiisha sijapata cha kueleweka, naingia ofisini. Nikamkubalia kwa mdomo. Moyoni nilijua siingii. Sikutaka kuzeekea upande wa mistari wa fomu zile wakati upande mweupe upo.

Kwa hiyo nikaenda Muheza kutafuta makala ya kuniokoa.

Nje kidogo ya mji ule alikaa bibi mmoja wa Kibondei, rafiki wa familia yetu, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Michungwa yake aliipanda pamoja na mumewe, akaipalilia peke yake miaka yote baada ya mume kufa. Msimu ule nchi inalia kwa kukosa kila kitu, na michungwa ya bibi ilikuwa imezaa mpaka matawi yameegemezwa miti yasivunjike. Nilisimama chini yake mdomo wazi.

Pwani kwetu mtu hasifiwi kavu. Ukimwona mtoto wa mwenzio kapendeza, unatanguliza mashaallah, maana sifa isiyo na jina la Mungu ndani yake ni mlango wa husuda. Hilo kila mtu analijua, hata mlevi. Bibi alikubali nimwandike, akanimenyea chungwa, kisha akanipa sharti lake.

"Andika utakavyo, mwanangu," alisema. "Lakini vitu vyangu usivisifu kavu. Hao watakaosoma ni wengi, na wote wana macho."

Nikaahidi, na nikaandika. Sentensi yenyewe naikumbuka mpaka leo: matawi yameinamia ardhi kwa uzito wa neema, na jua halipati pa kupenya, mashaallah. Nilijipenda kwa sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti pale chumbani mara nyingi, mpaka mama akaniambia majirani nao wana haki ya kupumzika.

Makala ikachapwa. Gazeti lilipofika Tanga nililinunua, nikaona jina langu, nikaona kichwa cha habari, basi, sikuhitaji kuona zaidi. Nikapanda gari la Muheza nimelikumbatia. Kwa bibi nikakuta majirani wamekaa barazani wanamenya mihogo. Nikawaambia nitawasomea. Nikasimama wima kama khatibu wa Ijumaa, na nilipokaribia sentensi yangu nikapandisha sauti: matawi yameinamia ardhi kwa uzito wa neema, na jua halipati pa kupenya. Nukta.

Neno halikuwapo. Nililiona pengo. Kinywani neno nilikuwa nalo, tayari, lingetoka bila taabu. Lakini nikasoma kilichochapwa, kwa sababu siku ile niliamini chapa ni kubwa kuliko kinywa, nikaingia aya inayofuata.

Visu vikatulia kwenye mihogo. Jirani mmoja akasema mashaallah kwa haraka, upande upande, lakini kila mtu alielewa kwamba limechelewa na wala halikutoka kwangu. Bibi alinikaribisha chakula, nikala nikashiba, nikaondoka nikijiona mtu mkubwa.

Haukupita muda machungwa yakaanza kuanguka. Yalianguka mabichi, usiku na mchana, mpaka chini pakawa kijani. Bwana shamba alikuja akaeleza habari za jua kali lililofuatwa na mvua ya ghafla, na nadhani alisema kweli. Shida ni kwamba bwana shamba hakuwapo barazani siku ile, na majirani walikuwapo.

Habari yangu ikasafiri mbali kuliko gazeti lenyewe. Sokoni Muheza wachuuzi walifunika matenga yao nikipita. Pangani nilikwenda kuandika habari za kivuko, na mama mmoja muuza samaki akavua mtandio, akafunika kapu, akanipa mgongo. Kila nilipofungua daftari watu wa kivuko wakakumbuka kazi zao. Katika kijiji cha Mwera nilibisha hodi nyumba tatu, zote nikajibiwa kwamba mwenyewe hayupo, na anayejibu ni mwenyewe. Mwandishi asiye na ofisi hana kingine ila watu wanaomfungulia mlango. Mimi nilikuwa nimebakiwa na migongo.

Mama hakunisema. Alilipiga pasi gauni la kwendea ofisini, akalitundika ukutani mahali ambapo nitaliona kila nikifumbua macho. Ningependa zaidi anitukane.

Nikamwandikia mhariri nikimwomba alirudishe neno, hata kwa mistari miwili pembeni. Jibu likaja fupi: gazeti haliwezi kushughulikia imani za vijijini. Nikaichana ile barua. Nikaenda kukata tiketi ya Dar es Salaam.

Sikuwa nimewahi kumwona mhariri huyo. Nilijiandaa kukuta jitu, nikamkuta mwanamume mpole, kola ya shati imechakaa, kalamu nyekundu imefungwa uzi isipotee. Kurasa za gazeti zilikuwa zimepunguzwa kwa sababu karatasi ya kuchapia ilikuwa haba, na makala zinazosubiri zilikuwa rundo mezani. Aliitafuta fomu yangu kwenye jalada, akaigeuza, akashangaa kuona siku za wiki na nafasi za majina ya wakata mkonge. Neno langu lilikuwapo, limepitishiwa mstari mwekundu. Nikamweleza kwamba kwa ajili ya mstari ule watu wa pande zote mbili za barabara ya Pangani wamenifungia milango.

"Lile neno halikubeba habari," alisema. "Na lilikuwa mkiani mwa sentensi. Nafasi ikiwa finyu naanza kukata mikiani."

Nikamwambia kwamba kwetu neno lile ndilo habari, na yaliyobaki ni machungwa tu. Akasema kama ni habari ningeliweka mahali pa habari. Palikuwa na kopo la gundi mezani na nilitamani kumrushia. Sikurusha, kwa sababu ndani ya hasira yangu nilijua amesema kweli. Neno la watu nililitundika mwishoni, likining'inia, anayepita anaweza kulichomoa na sentensi isitikisike. Ahadi ya bibi nilikuwa nimeitimiza kwa mkono, akili haikushiriki.

Nikamwomba karatasi yangu. Akasema si kawaida. Nikamjibu kwamba hata mimi si wa kawaida, ni wa kujitegemea, na karatasi ile ni ya marehemu baba. Akanipa.

Bibi nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa kuwa shikamoo haikataliwi, akanionyesha pa kukaa: nitazame ukuta, mgongo wangu uelekee michungwa. Nikakaa hivyo. Nikatoa fomu, nikaweka kidole penye mstari mwekundu, nikamwambia neno lako hili hapa, mimi niliandika, wao ndio waliokata.

Kusoma hakujua, lakini mstari mwekundu aliuona. Akaweka ukili chini.

"Kumbe ulikuwa nalo," akasema. "Sasa siku ile unatusomea, mbona hukulisema? Na kinywa chako nacho kilikatwa huko Dar es Salaam?"

Nikalia, na kule kulia kukanizidishia hasira. Nikamwambia ukweli. Niliona haya kusoma tofauti na gazeti. Nilitaka wanione nimechapwa. Bibi akaendelea kusuka. Akasema kiburi anakijua, kina dawa, na kwamba angejua mapema ni kiburi asingehangaika kufukiza nyumba. Kisha akanipa kazi: niandike upya, niandike machungwa yalivyoanguka na mimi nilivyosoma kavu mbele za watu, na safari hii nimletee yeye kabla ya kuwapelekea hao wenye kalamu nyekundu.

Sijawahi kupata msomaji mkatili kama yule. Nilikuwa nikienda Muheza na fomu zangu, nikikaa nimeukabili ukuta, nikisoma. Sentensi ikiwa ndefu mno, bibi huanza kuzungumza na kuku. Nikisoma neno la mikutano, neno ambalo mtu halisemi nyumbani kwake, anauliza ni nani huyo aliyeingia, mfukuze. Mahali nilipoandika kwamba alilia kuona machungwa chini, alinisimamisha.

"Sikulia. Nilitukana. Andika nilitukana."

Nikamuuliza alitukana nini. Akaniambia. Nikaandika nusu yake. Akataka kujua kwa nini nusu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kukaripiwa, mgongo kwenye bustani nisiyoruhusiwa kuitazama, na ukili ukirefuka. Mpaka leo nikiandika sentensi najiuliza kama bibi atawageukia kuku.

Neno nalo nililihamisha. Nililitoa mkiani nikaliweka mlangoni, sentensi ya kwanza kabisa: "Sema mashaallah au usitazame, aliniambia bibi mmoja wa Muheza, nami sikusema." Yote yaliyofuata yalishikamana na hapo. Atakayelikata abaki na karatasi tupu.

Msimu ukaisha. Mama akalitazama gauni, akanitazama mimi. Nikamwambia siingii. Akaniuliza nitakula nini, nikasema ninachokula sasa. Akasema baba yangu asingekubali, nikasema baba ndiye aliyeniachia karatasi. Hatukusemeshana siku nyingi, watu wawili katika nyumba moja tukipishana na ndoo za maji. Niliumia, kwa sababu nilimpenda na nilijua anaogopa kwa ajili yangu. Lakini siingii maana yake siingii. Nilishonea watu nguo kwa cherehani ya mama, nikawaandikia wageni barua nje ya posta, nikaandika habari za mjini zisizohitaji kubisha hodi kwa mtu.

Makala ya bibi niliituma Dar es Salaam. Mhariri yule yule akanijibu, safari hii kwa barua ndefu. Alisema nimekua sana. Alisema nikiondoa kisa cha neno, nikabakiza kilimo cha machungwa, ataichapa wiki ile ile. Nikamjibu kwa mistari miwili kwamba haiondoleki. Ikarudi sandukuni, ikalala huko miaka.

Kisha mambo yakafunguka. Sabuni ikajaa madukani mpaka watu wakawa wanaichagua kwa harufu. Mitumba ikamwagwa chini sokoni. Magazeti ya watu binafsi yakachipuka, mapya kila unapogeuka, yote yana njaa ya maandishi. Nikaitoa makala, nikaipeleka kwa mmoja wa wahariri hao wapya, kijana mwenye haraka. Aliipenda. Akasema hatagusa hata herufi, ila kichwa cha habari kitakuwa Mwandishi Mchawi wa Muheza, na bibi apigwe picha ameshika hirizi. Nilimnyang'anya karatasi mkononi. Mama aliposikia akauliza kama kweli hata hilo nimelikataa, baada ya miaka yote ile. Nikasema hata hilo. Lilikuwa limenijia wazo kwamba mkasi wa zamani ulikata kwa uhaba, na huu mpya unakata kwa tamaa, na wahariri wote wawili wanataka niwape bibi asiye mwenyewe.

Wakati huo shamba la mkonge lilikuwa limekwisha kufungwa. Makabati yakauzwa, na kiti cha baba kikauzwa pamoja nayo. Ile kazi ya kudumu ikafa, na mimi wa kujitegemea nipo. Mama hakuizungumzia. Siku moja nikamkuta amelitungua gauni, amelikata, anashona foronya. Akaniuliza kama nimekula.

Gazeti la tatu ndilo lililochapa. Sentensi ya kwanza ilibaki mahali pake, kichwa cha habari kikabaki changu. Walikata sentensi mbili za mwisho, lakini hizo nilikuwa nimeziweka makusudi, za kukatwa. Nilikuwa nimejifunza wanakoanzia.

Nikachukua gazeti mpaka Muheza. Bibi alikuwa amezeeka, amepungua, sauti tu ndiyo ilikuwa ile ile. Majirani walikuja, mihogo ikaja, na mimi kwa mazoea nikakaa nikiukabili ukuta. Nikasoma. Pale waliponikata sikusita, nikaendelea kwa kinywa changu kana kwamba mistari ipo, maana sasa chapa sikuiogopa. Matusi ya bibi niliyasema yote, na nusu niliyokuwa nimeificha. Wanawake walicheka mpaka wakaweka visu chini. Kuku walipita, hakuna aliyezungumza nao.

Nilipomaliza bibi akaniuliza kama neno limo. Nikamwambia limo. Akataka kuliona. Nikamwekea kidole chake juu yake, akalipapasa, akasema ni dogo.

Kisha akanishika mkono, akaniinua, akanizungusha pembeni ya nyumba. Nilitembea nimeinamisha macho, kwa adabu ya miaka saba. Nilinusa maua ya michungwa kabla ya kufika. Akaniweka pale niliposimama mdomo wazi siku ile ya kwanza, akaniachia mkono.

"Haya, mwandishi," akasema. "Tazama."

Nikasema neno langu kwanza. Kisha nikainua macho.